Siku 30 za nani? Hesabu inayowatafuna wafanyabiashara

WAFANYABIASHARA wengi wa Dar es Salaam wanaijua bei ya bidhaa zao hadi shilingi ya mwisho, lakini wakiulizwa fedha zao zitakaa kwa mteja muda gani hujibu kwa wepesi: "Siku 30." Ndivyo inavyoandikwa chini ya ankara, ndivyo inavyotajwa katika mali kauli, na ndipo ugomvi unapoanzia muda unapokwisha huku kila upande ukiwa na tarehe yake.

Ugomvi huo hautokani na ulaghai kila mara. Chanzo chake ni kwamba katika biashara neno "siku" lina maana mbili. Ipo siku ya kalenda, ambayo huhesabiwa kila jua linapochomoza, iwe Jumapili au Idi. Na ipo siku ya kazi, ambayo benki na ofisi zimefunguliwa na fedha zinaweza kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Anayetoa mzigo bila kusema ni siku ipi ameacha nusu ya mkataba mikononi mwa mhasibu wa mteja wake.

Pasaka ya 2025

Chukulia mzigo wa Sh. 20,000,000 uliokabidhiwa kwa mnunuzi Alhamisi, Aprili 3, 2025, kwa masharti ya "siku 30". Muuzaji akihesabu kwa kalenda, siku ya 30 ni Jumamosi, Mei 3. Mhasibu wa mnunuzi akishikilia kwamba zinazohesabiwa ni siku za kazi tu, siku ya 30 ni Jumatano, Mei 21. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 18, na wote wawili wamehesabu sawasawa.

Pengo hilo lilipanuliwa na sikukuu. Aprili 7, Siku ya Karume, ilikuwa Jumatatu. Ijumaa Kuu ilikuwa Aprili 18 na Jumatatu ya Pasaka Aprili 21. Mei Mosi ikaangukia Alhamisi. Sherehe ya Muungano, Aprili 26, ilikuwa Jumamosi, hivyo haikupunguza siku yoyote ya kazi, ingawa wako wanaoitoa mara mbili: kwanza kama mwisho wa wiki, halafu kama sikukuu. Ukiondoa mapumziko hayo yote, siku 30 za kalenda zilizoanza Aprili 3 zilikuwa na siku za kazi 17 tu.

Tofauti hiyo ina bei yake. Kama muuzaji aliununua mzigo huo kwa mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, deni la Sh. 20,000,000 linamgharimu Sh. 9,863 kila siku. Kwa siku 18 ni Sh. 177,534. Fedha hizo hazimo katika bei aliyomtajia mteja. Zinatoka katika faida yake. Kama faida ya mzigo huo ni asilimia 3, yaani Sh. 600,000, karibu asilimia 30 ya faida imekwenda kabla hajalipa pango wala kibarua.

Hapa ndipo mfanyabiashara mdogo anapoumia. Riba ya benki huhesabiwa kwa siku za kalenda: Jumamosi inahesabiwa, Jumapili inahesabiwa, Pasaka nayo inahesabiwa. Lakini malipo anayoyasubiri ili alipe deni hilo hutembea siku za kazi tu. Anadaiwa kwa kalenda moja na analipwa kwa kalenda nyingine. Hata mnunuzi akikubali kwamba siku 30 ni za kalenda, Mei 3 ilikuwa Jumamosi, na hundi au hawala ya benki isingefanyiwa kazi hadi Jumatatu, Mei 5. Siku hizo 2 ni Sh. 19,726 nyingine.

Iko pia hila ndogo ya kalamu ambayo wakopaji wachache huiuliza: mwaka wa benki una siku ngapi? Mikopo ya dola na ya yuro kwa desturi ya masoko ya fedha ya kimataifa huhesabiwa kwa mwaka wa siku 360, ilhali ya pauni za Uingereza huhesabiwa kwa siku 365. Riba ileile ya asilimia 18 kwa Sh. 20,000,000 ikihesabiwa kwa siku 360 inakuwa Sh. 10,000 kamili kwa siku. Kwa siku 365 inafika Sh. 3,650,000, sawa na asilimia 18.25. Robo ya asilimia inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mkopaji anayelinganisha benki mbili anapaswa kuiuliza kabla ya kutia saini, maana baadaye jibu ni lilelile: imo katika masharti.

Muuzaji wa Jumatatu na wa Jumanne

Wenye hisa nao wana hesabu yao. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mauzo ya hisa hukamilishwa siku ya 3 ya kazi baada ya siku ya biashara. Mwekezaji mdogo husikia "siku tatu" na kupanga matumizi yake hivyo.

Aliyeuza hisa Jumatatu, Aprili 14, 2025 alihesabu Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Malipo yake yalistahili kukamilika Aprili 17, kabla ya Ijumaa Kuu. Aliyeuza siku moja tu baadaye, Jumanne Aprili 15, alihesabu Jumatano na Alhamisi, kisha akasubiri Ijumaa Kuu, Jumamosi, Pasaka na Jumatatu ya Pasaka zipite. Siku yake ya tatu ya kazi ilikuwa Jumanne, Aprili 22. Wa kwanza alisubiri siku 3 za kalenda, wa pili 7. Soko lilikuwa lilelile na kanuni ileile, lakini mmoja aliingia Pasaka na fedha mkononi na mwingine aliingia na karatasi ya dalali.

Wako wanaodai kwamba dawa ni kufupisha muda wa malipo. Mfano wa Marekani hutajwa sana: huko hisa zililipwa kwa siku 5 za kazi hadi Juni 1995, zikawa 3, kisha 2 tangu Septemba 2017, na tangu Mei 28, 2024 ni siku 1. India ilikamilisha safari hiyo Januari 2023. Kufupisha muda ni jambo jema, lakini hata siku 1 ya kazi iliyoanza Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu ni siku 5 za kalenda. Kwa mwekezaji mwenye hisa 500 au 1,000, faida ya haraka zaidi ni dalali kuandika kwenye karatasi ya mauzo tarehe yenyewe ya malipo, badala ya kumwachia mteja kanuni ya kuhesabu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowakosesha watu gawio. Kampuni inapotangaza siku ya kufunga rejista ya wanahisa, anayetaka gawio lazima jina lake liwe limeingia kwenye rejista siku hiyo, si awe amenunua siku hiyo. Rejista ikifungwa Jumanne kama ile ya Aprili 22, 2025, mnunuzi alipaswa kuwa sokoni kabla ya Jumanne ya Aprili 15 kumalizika. Aliyenunua Alhamisi Aprili 17, akidhani bado ana siku 5, angekuwa amechelewa kwa siku 2 za biashara. Angepata hisa, na gawio likaenda kwa aliyemuuzia.

Kwa nini 364 na si 365

Dhamana za serikali za muda mfupi zimepangwa kwa busara ambayo wenye mali kauli wangeweza kuiiga. Benki Kuu huuza dhamana za siku 35, 91, 182 na 364. Namba hizo huwashangaza wanunuzi wapya: kwa nini mwaka usiwe 365? Jibu ni kwamba zote zinagawanyika kwa 7. Ni wiki 5, wiki 13, wiki 26 na wiki 52 kamili. Dhamana iliyoanza Alhamisi hukomaa Alhamisi, wala haiwezi kuangukia Jumamosi au Jumapili. Kenya imekwenda mbali zaidi: hati fungani zake za muda mrefu hulipa riba kila baada ya siku 182, na mwaka wa hesabu hiyo ni siku 364.

Wiki kamili zinaepuka mwisho wa wiki, lakini haziepuki sikukuu. Dhamana ya siku 91 iliyoanza Alhamisi, Januari 30, 2025 ingekomaa Mei 1, Mei Mosi. Katika hali kama hiyo mwenye dhamana hupokea fedha zake siku ya kazi inayofuata, na kwa kuwa dhamana hizo hununuliwa kwa bei ya punguzo na kulipwa thamani iliyoandikwa, siku hiyo ya ziada haina riba. Amewekeza siku 92 kwa faida ya 91.

Tofauti na hapo ni amana ya benki ya "miezi mitatu". Miezi mitatu si muda mmoja. Kuanzia Februari 1 hadi Mei 1 katika mwaka usio mrefu ni siku 89. Kuanzia Julai 15 hadi Oktoba 15 ni siku 92. Anayelinganisha amana hiyo na dhamana ya siku 91 kwa kutazama asilimia peke yake analinganisha embe na nazi.

Leo imo au haimo?

Swali linaloonekana la kitoto ndilo linalogharimu siku moja kila mara: je, siku ya kukabidhi mzigo inahesabiwa? Kiswahili chenyewe kinazo hesabu mbili. Mtoto wa Pwani hufundishwa kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na leo haimo. Lakini mtu huyohuyo akiambiwa "njoo siku ya tatu", huenda akaanza na leo kama siku ya kwanza na kubisha hodi keshokutwa.

Sheria imechagua upande. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, inapotaja muda unaohesabiwa kuanzia siku fulani, siku hiyo huachwa nje. Ya Kenya inasema hivyo pia, na inaongeza jambo linalofaa kuigwa na wenye mikataba: muda usiozidi siku 6 hauhesabii siku za mapumziko, na muda ambao siku yake ya mwisho imeangukia Jumapili au sikukuu husogea hadi siku inayofuata ya kazi. Kwa maneno mengine, muda mfupi unahesabiwa kwa siku za kazi na muda mrefu kwa kalenda. Lakini hizo ni kanuni za kusoma sheria zilizotungwa na Bunge. Ankara ya dukani haifungwi nazo moja kwa moja mpaka wahusika wakubaliane.

Kompyuta nayo haimalizi ubishi. Katika jedwali la Excel, ukitoa tarehe moja kutoka nyingine, siku ya kwanza haihesabiwi. Ukitumia kanuni yake ya siku za kazi, NETWORKDAYS, siku ya kwanza na ya mwisho zote zinahesabiwa. Kwa mzigo ule wa Aprili 3 hadi Mei 3 itatoa siku 18 na si 17. Na itafanya hivyo tu kama mtumiaji ameiorodheshea sikukuu za Tanzania mwenyewe. Mashine haimjui Karume wala mwezi wa Idi.

Siku ya kazi ya wapi?

Mambo huwa mazito zaidi mzigo unapotoka nje. Anayenunua Dubai amepata nafuu tangu Januari 2022, Falme za Kiarabu zilipohamishia mapumziko ya wiki kwenye Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku serikalini. Kabla ya hapo mapumziko yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, hivyo Dar es Salaam na Dubai zilikuwa na siku 4 tu za kazi zilizolingana. Oman bado inapumzika Ijumaa na Jumamosi. Swali la benki ya Muscat lililotumwa Dar Ijumaa linakuta Muscat imefungwa, na la Dar lililojibiwa na Muscat Jumapili linakuta Dar imefungwa. Na kama malipo ni ya dola, kuna New York katikati, yenye sikukuu zake kama Julai 4 na Alhamisi ya nne ya Novemba.

Wanaotumia barua za mkopo za benki, zile zinazoitwa LC, wanafungwa na kanuni za Chemba ya Biashara ya Kimataifa, UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 1, 2007. Kanuni hizo zinachanganya siku za aina zote mbili kwa makusudi. Hati ya shehena lazima iwasilishwe benki ndani ya siku 21 za kalenda baada ya mzigo kupakiwa. Benki nayo ina siku 5 za kibenki za kuzikagua hati; chini ya kanuni za zamani zilizoanza 1994 zilikuwa hadi 7. Mzigo uliopakiwa China Septemba 20 una hadi Oktoba 11 kuwasilishiwa hati zake, lakini mapumziko ya taifa ya China yanaanza Oktoba 1 na kuchukua wiki nzima. Siku 21 hazisimami kungojea mapumziko yaishe. Siku 5 za benki zinasimama.

Mwagizaji wa Dar es Salaam anayakuta matokeo upande wa pili: hati zimechelewa, kontena limekwisha kufika, na siku za bure za kampuni ya meli, ambazo kwa kawaida ni za kalenda, zinayeyuka.

Kanuni hizohizo zina mtego mwingine. Siku ya mwisho ya kuwasilisha hati ikikuta benki imefungwa kwa sikukuu, inasogezwa hadi siku ya kwanza ya kazi. Siku ya mwisho ya kupakia mzigo haisogezwi. Na neno "kuanzia" likitumika kwa upakiaji linaijumuisha tarehe iliyotajwa, likitumika kwa siku ya deni kuiva linaiacha nje. Neno moja, karatasi moja, hesabu mbili. Kama wataalamu wa benki waliona haja ya kuliandikia neno hilo kifungu, mwenye duka asione aibu kuliuliza.

Sikukuu zisizo kwenye kalenda

Hata mwenye kalenda ukutani hawezi kujua yote. Machi 2021, baada ya kifo cha Rais John Magufuli, Machi 22 na 25 zilitangazwa kuwa siku za mapumziko. Agosti 23, 2022, Jumanne, ilikuwa mapumziko ya sensa. Kenya ilitangaza Novemba 13, 2023, Jumatatu, kuwa siku ya kupanda miti, tangazo likitolewa wiki moja tu kabla. Idi nayo hungoja mwezi uandame, na jibu hupatikana usiku wa kuamkia.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya zamani, kwa kuwa siku hizi fedha hutumwa kwa simu hata Jumapili usiku. Ni kweli kwa mauzo ya rejareja, na huduma hiyo imeokoa maduka mengi tangu ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Lakini fedha za simu zina kiwango cha juu kwa muamala. Hisa, dhamana za serikali, hundi na LC bado zinafuata siku za kazi, na mnunuzi mkubwa anayelipa kwa idhini ya watu watatu hana mtu wa kutia saini Jumapili.

Njia iliyo wazi ni kuacha kuandika idadi ya siku na kuandika tarehe. Hoja kwamba siku ya kukabidhi mzigo haijulikani wakati wa kutoa ankara ni dhaifu, kwani tarehe ya malipo inaweza kujazwa kwenye hati ya makabidhiano, mbele ya anayepokea, naye akatia saini. Wanunuzi wengine hawapendi hilo. Hupendelea "siku 30 tangu kupokelewa kwa ankara", kisha ankara ikakaa mapokezi wiki nzima bila mhuri. Muuzaji anayepewa sharti la namna hiyo apeleke ankara mwenyewe, agongewe mhuri wa tarehe kwenye nakala na aondoke nayo.

Kinachobaki ni sentensi moja ya kuamua nini kifanyike tarehe hiyo ikiangukia siku isiyo ya kazi: malipo yatangulie au yafuate. Mnunuzi karibu kila mara atataka yafuate. Muuzaji anaweza kukubali, ila ajue anachokubali. Kwa deni lile la Sh. 20,000,000, malipo yaliyopangwa Ijumaa Kuu yakisogezwa hadi Jumanne baada ya Pasaka yamechelewa siku 4. Kwa riba ya asilimia 18 hizo ni Sh. 39,452, na mahali pa kuzidai ni kwenye bei, kabla mzigo haujapanda kwenye gari.